Jagam na Wapwa Wake

Juzi nilitaka fundi wa kurekebisha jiko langu la gesi, nikaiuliza simu. Simu, kwa adabu zake zote, ilinionyesha kwanza duka la kampuni ile ile inayoendesha huo utafutaji, likiuza majiko mapya. Chini ya duka ikaweka video ya kampuni hiyo hiyo, na chini ya video, ramani yao. Fundi mwenyewe, ambaye nilikuja kugundua yuko hapa hapa Otonglo karibu na wauza mitumba, nilimkuta chini kabisa, baada ya kusukuma mpaka kidole kikachoka. Sikukasirika. Nilicheka peke yangu jikoni nikasema, "Jagam, kumbe hukufa."

Jagam, kwa asiyejua, ni mshenga wa Kijaluo. Ndiye anayeombwa atafute mke au mume, aulizie tabia, aangalie ukoo, kisha awakutanishe wawili. Wetu aliishi kwenye nyumba za reli mjini Kisumu, mlango wa mwisho kabla ya bomba la maji tulilotumia wote. Kwa kuwa mtaa mzima ulimwita Jagam, nami nitamwita hivyo. Jina lake nalijua vizuri, ila sioni kwa nini nimpe heshima ya kulitaja.

Mimi miaka hiyo nilikuwa opereta wa simu. Mtu alinyanyua mkono wa simu huko Siaya akasema, nipe hospitali, nami nikampa hospitali. Sikumpa duka la mjomba wangu. Si kwamba mimi ni malaika, kazi ilikuwa hivyo tu: aliyeuliza apewe alichouliza. Jambo dogo kama hilo lilimshinda Jagam maisha yake yote, na bado kanisani walimwekea kiti cha mbele.

Tuseme ukweli kwanza, nisije nikaonekana mwenye chuki tu. Yule mama alijua watu. Alikuwa mrefu, mweusi, mwenye mguu mwepesi, na hakuna msiba wala harambee iliyompita kutoka Bondo hadi Ahero. Alijua nani kazaa na nani, nani alitoroka kwa mumewe akarudi na mimba, boma gani lina wendawazimu wanaofichwa, na msichana gani ana mkono mzuri wa kupika. Sisi watoto wa mjini tulikuwa hatujui lolote. Baba zetu walikuja Kisumu kufanya kazi reli, viwandani na bandarini, wakatuzaa kwenye vyumba viwili, na mtu alikuwa anaweza kumpenda binamu yake bila kujua. Na kwetu hilo halikuwa jambo la mchezo. Ukioa mtu wa ukoo wa nyanya yako unaleta chira, ile laana inayokondesha watoto mpaka wafe. Kwa hiyo hata wale waliosoma, wenye magari, wanaokaa Milimani na kuongea kwa pua, walishuka jioni mpaka kwenye nyumba za reli kumuuliza Jagam kama njia iko wazi.

Ukimuuliza alifumba macho. Midomo ilichezacheza, vidole vikatembea juu ya goti, ungedhani anapita boma kwa boma akibisha hodi. Mimi nilidanganyika na macho yale kwa miaka mingi. Siku hizi najua kwamba jibu alikuwa nalo kabla mgeni hajavua viatu.

Jibu lilikuwa mpwa wake.

Jagam alikuwa na kaka watano huko kwao upande wa Bondo, na kaka hao walijaliwa mabinti. Kila msimu alileta mmoja au wawili Kisumu, eti wamsaidie kazi za nyumbani. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na mume asiyechafua hata kikombe. Kazi gani hiyo ya kusaidiwa na wasichana watatu? Kazi ilikuwa kuleta chai. Mgeni akishakaa na kueleza haja yake, kabla macho ya Jagam hayajafumbuka, pazia linasogea, mpwa anatokea na sinia, anapiga goti, anasema habari kwa sauti ya chini. Mgeni anaanza kutafuta mke huku mke amekwisha kumwekea sukari.

Halafu Jagam alifumbua macho na kutoa majina. Hakutoa jina moja, alikuwa na akili kuliko hivyo. Alitoa matatu au manne, ili ujue ametafuta. La kwanza lilikuwa la mpwa, na maelezo yake yalichukua muda wa kunywa kikombe kizima. La pili na la tatu yalikuwa ya mabinti wa watu wengine, na hao hakuwasema vibaya hata siku moja. Aliwasifu. Nilimsikia kwa masikio yangu, nikiwa nimeenda kuazima kinu, akimsifu binti wa jirani yetu kwa karani mmoja wa benki.

"Huyo ni msichana mzuri sana," alisema. "Mzuri kabisa. Hata wanaume wanne walikuwa wanasema hivyo."

Karani akauliza wanne gani.

"Aa, hiyo ni maneno ya zamani. Sasa ameacha."

Karani yule alioa mpwa. Binti wa jirani alikaa nyumbani akijiuliza kwa nini hakuna anayekuja, na mama yake akampeleka kuombewa.

Msemo wake mkubwa, aliokuwa akiutoa huku ameweka kiganja kifuani, ulikuwa huu: "Mimi sina wangu, nyathina. Hawa wote ni watoto wangu." Nyathina ni mwanangu. Aliusema kanisani, akausema kwenye mikutano ya akina mama, akausema siku moja kwenye arusi ambapo bibi arusi, wasimamizi wote na msichana aliyebeba keki walikuwa mabinti wa kaka zake. Hakuna aliyecheka. Mimi nilicheka, na mama yangu akanifinya.

Alikuja kwake mwanamume mmoja wa Vihiga, mpole, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo. Alikuwa amezunguka sana, akaambiwa kuna mama anayejua kila mtu, hata Waluhya walioko mjini. Akamwambia Jagam wazi kwamba anataka msichana wa kwao, anayeongea lugha ya mama yake, kwa sababu mama yake hajui nyingine. Jagam akafumba macho. Alipoyafumbua alisema, "Niko na mmoja anajua kupika mrenda kushinda hao wa kwenu." Yule bwana alioa mpwa aliyejifunza kupika hiyo mboga ya mrenda wiki hiyo hiyo kwa jirani. Miaka kumi baadaye mama mkwe na mkwe walikuwa bado wanaongea kwa mikono. Nikimwona yule fundi sokoni akinunua mboga mwenyewe, nilitamani kumuuliza kama aliyeomba maji na kupewa uji huwa anashukuru.

Ungedhani alikuwa anapata faida. Hapana, na hapo ndipo aliponichanganya. Hakuchukua kitu kwa mtu. Ukimletea hata kuku alikurudishia mlangoni. Vitambaa vyake viwili vya kichwa alivivaa mpaka vikapauka. Alichotaka ni watu wake wajae. Alitaka akipita mtaani kila dirisha limwite shangazi, na alifanikiwa, kwa sababu ilifika mahali kwenye nyumba zile za reli ukigombana na mtu bombani, lazima uwe umemtukana mpwa wake. Bombani wapwa walipangana mbele. Kwenye kwaya walishika mstari wa kwanza. Akina mama wengine walikuwa wanaishi pale kama wapangaji wa Jagam.

Mume wake alikuwa fundi wa reli, mtu wa maneno machache, aliyekaa nje kwenye kiti cha chuma akisikiliza redio kwa sauti ndogo. Siku moja nilimkuta peke yake nikamtania, "Mzee, wewe jagam wako alikuwa nani?"

"Nilikuwa nimeulizia dada yake," akasema. "Aliyetumwa kuuliza ni huyu." Kisha akaongeza sauti ya redio.

Sasa nitausema na wema wake, kwa sababu ulikuwepo, na unaniudhi kuliko ubaya wake. Mama yangu alipougua, Jagam alikuja kila asubuhi. Alimwosha, alimnyoa, alimlisha uji kwa kijiko huku akimpa habari za mtaa, na mama alicheka mpaka akakohoa. Alikuja bila kuitwa. Mtu akiwa hana cha kutafutiwa, Jagam alikuwa mwanamke mwema kabisa. Ilikuwa ukimuuliza tu ndipo anageuka.

Na mimi nilimuuliza. Au tuseme, niliulizwa kwake.

Odhiambo alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya bweni upande wa Bondo. Alinijua kwa sauti kabla hajanijua kwa sura, maana ndiye aliyetumwa kila mara kupiga simu za shule, na simu zote za masafa marefu zilipitia mezani kwetu. Wengine walikuwa wanatugombeza opereta kama vile sisi ndio tulioweka foleni. Yeye alisema, "Dada, nikingoja nitaharibikiwa nini? Nipo." Nilianza kuwahi zamu za saa alizopiga yeye. Baadaye alikuja Kisumu kwa baba yake mdogo aliyekaa mtaa wetu, tukatembea mpaka ufuoni kula samaki, na nikajua mambo yangu yamekwisha. Nilimpenda. Nalisema hivyo hivyo, mtu mzima nilivyo.

Lakini mama yake alitaka mambo yafuate njia, na njia ilipita kwa Jagam. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, Jumapili moja baada ya ibada, Odhiambo aliingia kule na baba yake mdogo kuuliza swali moja tu: je, mimi na yeye tuna undugu wowote? Hakuuliza apewe mke, maana mke alikuwa amekwisha kumpata.

Alirudi kwangu jioni. Alisimama nje ya mlango, hakutaka kuketi.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema nyanya yako, mama ya babako, alitoka Sakwa. Boma moja na nyanya yangu."

"Sijawahi sikia hiyo."

"Hata mimi sijawahi sikia. Lakini amesema anajua mpaka jina ya dadake." Akaangalia chini. "Atieno, amesema sisi ni ndugu."

Nilikwenda kwa mama. Mama hakujua mama mkwe wake alitoka wapi, kwa sababu yule bibi alifariki baba akiwa mtoto wa kubebwa, na baba naye alikuwa ametangulia. Shangazi wa pekee aliyebaki alikuwa ameolewa Shirati, upande wa Tanzania, na mpaka ulikuwa umefungwa miaka ile. Mama aliniambia nimwache huyo kijana. "Jagam hawezi kukosea kitu kama hiyo. Unataka kuzika watoto?" Nililia usiku na asubuhi nikaenda kazini kuunganisha watu.

Nilikuja kusikia baadaye kutoka kwa baba mdogo wa Odhiambo jinsi Jumapili ile ilivyokwisha. Jagam alipomaliza kusema undugu, alimhurumia kijana sana, akamshika mkono, na pazia likasogea. Mpwa wa siku hiyo alikuwa Apiyo.

Walioana. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimetangazwa ndugu, nilifanywa ndugu kweli kweli. Nilisimama upande wa bwana harusi pamoja na dada zake. Watoto walipozaliwa waliletwa kunisalimia na kufundishwa kuniita waya, yaani shangazi, dada wa baba. Apiyo alikuwa msichana mzuri, sina neno naye. Alinishonea vitambaa vya meza. Alinipa mtoto wa pili nimbebe akiwa na siku chache tu, nami nikambeba.

Mpaka wa Tanzania ulipofunguliwa, shangazi alikuja kutoka Shirati kwenye mazishi ya binamu yangu mmoja. Mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Nilikaa naye tukichambua mboga nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, mama yao alitoka Sakwa boma gani.

"Sakwa?" alisema. "Nani alikuambia Sakwa? Mama yangu mimi alitoka Kano. Huko mashamba ya mchele. Sakwa hata hakuwahi kufika."

Nikaendelea kuchambua mboga. Nilichambua mpaka nikatupa majani na kubakiza vijiti, shangazi akaninyang'anya ungo.

Sikwenda kumkabili Jagam. Wapo walioniambia baadaye kwamba huo ulikuwa uungwana. Si kweli, nilikuwa na hasira iliyonishinda hata kufungua mdomo, na ningesema nini ambacho kingerudisha kitu? Apiyo alikuwa na mimba ya tatu. Nilianza tu kuzunguka nyuma ya nyumba nikienda bombani, ili nisipite mlango ule. Wanaume wengine waliulizia habari zangu miaka iliyofuata, hilo nililisikia, lakini hakuna hata mmoja aliyefika mlangoni kwangu. Sikuolewa. Jagam kanisani alinionea huruma hadharani na kuniombea nipate mtu.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mume wake alikuwa amestaafu reli, wamerudi nyumbani upande wa Bondo, nami nilikuwa nimejenga chumba changu hapa Otonglo. Apiyo alikuwa amefariki mwaka uliotangulia kwa malaria, na niliomboleza kwa machozi ya kweli. Alasiri moja nikasikia hodi, kumbe ni Jagam, amekonda, fimbo mkononi, kitambaa kile kile kichwani. Nilimkaribisha. Mgeni ni mgeni. Nikaweka chai, na nilipokuwa naiweka niliona anaangalia pazia langu kama vile kuna mtu atatokea.

"Atieno nyathina, nimekuja na maneno," alisema.

"Sema, Mama."

"Odhiambo amekaa peke yake mwaka mzima. Watoto wanateseka. Hawa wasichana wangu wa sasa hawataki kulea watoto ya mtu mwingine, wanataka disko. Nimetafuta sana. Nimeona ni wewe."

Nilikoroga chai yangu. Akadhani sijaelewa, akasogea mbele.

"Hata yeye mwenyewe amekutaja. Amesema, nenda umuulize Atieno. Hiyo ni mdomo yake, si yangu."

Moyo wangu ulifanya mambo ya kijinga ambayo mwanamke wa umri wangu hakupaswa kuyajua tena.

"Na undugu wetu?" nikauliza.

"Undugu gani?"

"Nyanya yangu. Yule aliyetoka Sakwa."

Aliniangalia kwa mshangao, na naapa haukuwa wa kuigiza. "Sakwa? Nyanya yako alitoka Kano, Atieno. Huko kwa mchele. Unawezaje kuwa mkubwa hivi na hujui watu yako?" Akanywa chai. "Hiyo kila mtu anajua."

Nimemsikia mwanamke yule akisema maneno mengi, lakini hayo ndiyo ninayoyasikia nikilala. Hakukumbuka. Kile kitu kilichonikalia shingoni miaka yote ile, yeye alikisema Jumapili moja baada ya ibada, akameza mate, akaendelea na wengine. Nilimwuliza kama ni kweli Odhiambo amenitaja. Akasema ni kweli kabisa. Nikamwangalia usoni nikitafuta kitu cha kushika, nikakosa, kwa sababu angesema hivyo hivyo kama ingekuwa uongo.

"Watoto wake wananiita waya," nikasema.

"Watazoea."

"Basi mwambie hapana. Mwambie shangazi ya watoto haolewi na baba yao."

Nilikuwa nikimtaka. Bado nilikuwa nikimtaka, na kama angekuja mwenyewe akasimama mlangoni kama siku ile, nisingeuliza habari ya nyanya ya mtu yeyote. Lakini sikuweza kuupokea ujumbe ule kutoka mdomo ule. Jagam hakunibembeleza hata mara moja. Alimaliza chai, akasema asante, akashika fimbo. Aliondoka haraka kidogo kwa mtu aliyetoka mbali na kukataliwa, na mimi nilikuja kulifikiria hilo baadaye, wakati halina faida tena.

Kabla mwaka haujaisha Odhiambo alioa binti wa kaka mdogo wa Jagam. Niliambiwa kwamba alikuwa ametaka mwanamke mwingine kwanza, wa huku Otonglo, ila huko alikoomba akapata jibu la hapana. Kadi ya mwaliko ililetwa mpaka mlangoni, nzuri, yenye maua pembeni, na jina langu lilikuwa limechapwa humo miongoni mwa dada za bwana harusi.